Kumpiga Picha na Kumpigia Picha: Harusi na Safari katika Kamera Moja

Shangazi yangu na mume wake wana duka dogo la picha mjini Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Juu ya meza ya duka hilo kuna albamu mbili. Moja ni ya harusi na nyingine ni ya safari. Mteja anapoingia, shangazi humtazama mara moja tu, kisha humsogezea albamu inayomfaa. Mwenyeji hupewa ile ya harusi. Mgeni hupewa ile ya safari, yenye sokwe wa milimani, ndovu, ukungu wa asubuhi juu ya Ziwa Bunyonyi, na watu wa vijijini wanaoutazama upande mwingine.

Nimezifungua albamu hizi tangu nikiwa shule ya msingi, na kwa miaka mingi nilihisi kwamba hazisemi kwa sauti moja, ingawa zilitoka katika kamera moja. Sikujua kwa nini. Tulipofika somo la minyambuliko ya vitenzi, ndipo nilipopata maneno ya kulieleza jambo lililokuwa likinisumbua. Kiswahili kinatofautisha kumpiga mtu picha na kumpigia mtu picha. Katika kauli ya kwanza, mtu ni kitu kinachofikiwa na tendo. Katika ile ya pili, yaani kauli ya kutendea, tendo linafanywa kwa ajili yake, na picha ni yake. Hoja ya insha hii ni kwamba wapiga picha wengi wanaofanya harusi na safari kwa pamoja humpigia picha bibi harusi, lakini humpiga picha mtu wa njiani. Na kwamba sisi tunaohakiki picha tumezoea kuisifu kazi ya pili bila kuuliza ilipoachana na ya kwanza.

Kwa desturi zetu, shangazi si mtu wa kukosolewa hadharani na mtoto wa kaka yake. Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu nilimwomba ruhusa. Alinijibu, "Andika tu, mwanangu. Lakini uandike pia kwamba kodi ya duka hulipwa na hela za wageni. Watu wa harusi hulipa nusu, nusu nyingine unaingoja mpaka mtoto wa kwanza azaliwe." Nimeandika alivyotaka, na nitalirudia jambo hilo hapo mbele, kwa kuwa ni kweli.

Tuanze na albamu ya harusi. Picha nyingi humo ni za kuhingira, sherehe ambayo Wakiga na Wanyankore humtoa binti yao kwa wakwe. Ukizitazama kama mhakiki mkali, utaona kasoro nyingi. Watu wamepangwa mistari kama wanafunzi wa paredi. Mwanga ni wa saa saba mchana, mkali, unaotia vivuli chini ya macho. Pembeni mwa picha hakukosi mkono wa mtu au kiti cha plastiki. Hata hivyo, kila picha ina watu wanaojulikana. Nyuma ya nakala zinazobaki dukani, shangazi huandika kwa kalamu: jina la binti, jina la baba, kijiji, tarehe. Mtu akija baada ya miaka kumi kutafuta picha ya marehemu mama yake, huipata.

Likizo moja nilikuwa msaidizi wao katika kuhingira. Kazi yangu ilikuwa kubeba begi la lenzi na kuzuia watoto wasipite mbele ya kamera. Binti alipokuwa akiaga, mama yake alilia, mushanana wake ukateleza begani, na shangazi akaipata picha hiyo. Nilipoiona kwenye kioo cha kamera nilidhani ndiyo picha bora ya siku nzima. Mama yule alijikausha machozi, akaja moja kwa moja kwa shangazi, akasema, "Nionyeshe." Akaonyeshwa. "Hiyo futa." Shangazi akaifuta mbele yake bila kubishana. Kisha mama akarekebisha mushanana, akasimama wima, akapigiwa nyingine.

Nilisikitika siku ile. Leo naona kwamba mama yule alitumia haki ambayo hakuna aliyehitaji kumfundisha. Alijua kwamba picha ni yake, kwamba itatundikwa sebuleni kwake, na kwamba wakwe wataiona. Alikuwa mhariri wa sura yake mwenyewe. Wenzetu wa pwani wameliweka jambo hili wazi zaidi. Katika sherehe za wanawake za harusi huko Lamu, Mombasa na Zanzibar, mahali ambapo mabuibui huvuliwa na wanawake hujipamba wao kwa wao, mara nyingi mpiga picha lazima awe mwanamke, na waalikwa huombwa waweke simu zao mbali. Harusi ina mlango, na kamera hubisha hodi kama mgeni yeyote.

Msomaji anaweza kusema kwamba picha za harusi ni za uongo. Gari limekodishwa, keki ina ghorofa za maboksi, na bwana harusi anayetabasamu amegombana na mshenga asubuhi hiyo hiyo. Sikatai. Lakini huo ni uongo ambao wenye picha wamekubaliana nao. Wameamua wakumbukwe hivyo.

Sasa tufungue albamu ya pili. Kwa ufundi, inaishinda ya kwanza mbali sana. Mume wa shangazi ana subira ya mvuvi. Anaweza kukaa saa mbili akingoja ndege mmoja ageuze shingo. Mwanga ni wa alfajiri au wa jioni. Hakuna kiti cha plastiki, wala nguzo ya umeme, wala pikipiki. Chini ya kila picha kuna maelezo mafupi yaliyochapishwa. Sokwe wa Bwindi wametajwa kwa jina la familia yao. Ndege wametajwa kwa aina. Watu wameandikwa hivi: "Mchungaji, Kisoro." "Watoto wakichota maji." "Mwanamke Mtwa, Bwindi."

Picha hii ya mwisho ndiyo iliyokuzwa na kuwekwa fremu ukutani. Nilikuwepo ilipopigwa. Ilikuwa siku mbili baada ya ile kuhingira. Wageni wawili, mume na mke waliokuwa fungate, walikuwa wamewakodi shangazi na mume wake wawapige picha za safari yao. Baada ya kutoka msituni walipelekwa kwenye makazi ya Batwa kutazama ngoma iliyoandaliwa kwa malipo. Pembeni, mbali na wachezaji, alikaa bibi mmoja kwenye kizingiti, na mjukuu amelala mapajani. Hakuwa akicheza. Hakuwa sehemu ya maonyesho. Mume wa shangazi akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nami nikamtilia mkononi lenzi ndefu. Akapiga mara tatu.

Bibi alituona. Tulipokuwa tukifunga mabegi, aliniita, akaniuliza kwa Rukiga, "Mtaniletea lini?"

Nilicheka. Nilimwambia, "Tutaleta, mukaaka," kwa namna ambayo mtu humjibu mtoto. Kisha tukapanda gari. Swali lake lilikuwa lile lile la mama wa kuhingira, na lilikuwa na adabu kuliko lile. Hakusema "futa." Alidhani tu kwamba, kwa kuwa amepigwa picha, basi amepigiwa.

Shangazi na mume wake hawakuivumbua tofauti hii. Waliirithi, na mhakiki anaweza kuifuata nyuma angalau hadi kwa mume na mke wengine, Martin na Osa Johnson wa Kansas, Marekani, waliokuwa wapiga picha maarufu wa safari za Afrika Mashariki kati ya mwaka 1921 na 1934. Baba yake Martin alikuwa na duka la vito lililouza pia vifaa vya Kodak, na kijana Martin alianza kwa kuwapigia watu wa miji midogo picha za bei rahisi. Katika kitabu chake, Osa anasimulia kwamba alimjua Martin alipompeleka mdogo wake kupigwa picha, na kwamba mpiga picha huyo hakumpendeza hata kidogo. Kwa maneno mengine, mama wa safari za kamera aliingia katika historia kama mteja aliyelalamika. Walifunga ndoa mwaka 1910. Baadaye waliishi Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kando ya ziwa walilolipenda mno, tangu 1924 hadi 1927, wakisaidiwa na fedha za George Eastman, mwenyewe wa Kodak. Filamu yao ya Simba ilitoka mwaka 1928, na Congorilla mwaka 1932. Martin alifariki mwaka 1937 kufuatia ajali ya ndege huko California. Miaka mitatu baadaye Osa akatoa kitabu cha maisha yao, chenye jalada la mistari ya pundamilia, kikapata wasomaji wengi sana. Kinaitwa I Married Adventure.

Kichwa hicho ni mtihani mzuri kwa darasa la tafsiri. Kiingereza kina kitenzi kimoja cha ndoa kwa mume na mke. Kiswahili kinatulazimisha kuchagua, kwa kuwa mume anaoa na mke anaolewa. Je, tuseme Osa aliolewa na safari, au aliioa? Ukisoma kitabu utaona kwamba yeye hakuwa wa kutendewa tu. Aliendesha kambi, alilima bustani, alirusha ndege, na alisimama na bunduki huku Martin akipiga picha, ili mnyama akija mbio amzuie. Aliioa safari. Hilo lazima tumpe. Tena anamtaja kwa jina na kwa heshima Boculy, mfuatiliaji wa nyayo za ndovu, ambaye bila ujuzi wake kamera zote za Eastman zisingeona mkia.

Lakini Boculy ni mmoja kati ya wengi, na filamu zao zina tabia nyingine. Wakipsigis wanaoonekana katika Simba wakikabili simba kwa mikuki wameitwa Lumbwa, jina walilopewa na wengine na ambalo wakoloni walilishikilia. Katika Congorilla, ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa katika msitu wa Ituri huko Kongo, Wambuti wanapewa sigara kubwa na mipira ya kupuliza ili mtazamaji wa Marekani acheke wanavyohangaika navyo. Osa anawapigia muziki wa jazi na kucheza nao. Hata jina la filamu limewabana: Kongo na gorila vimeshonwa kuwa neno moja, na watu wa msituni wamewekwa humo humo, kati ya nchi na mnyama. Filamu iliyofuata mwaka 1935 waliiita Baboona, neno linalosikika kama la kwetu na ambalo si la Kiswahili, kwani sisi tunasema nyani.

Kutoka safari hiyo ya Kongo walirudi pia na gorila wachanga, na wawili kati yao waliuzwa kwa bustani ya wanyama ya San Diego mwaka 1931. Mmoja aliitwa Ngagi. Sisi tunaojua Kinyarwanda au Rukiga tunaona mara moja kilichotokea. Ingagi, au engagi, maana yake ni gorila. Mtu alisikia jina la aina, akalichukua kuwa jina la mmoja. Katika albamu ya shangazi kosa limegeuka kinyume: sokwe wana majina yao, na bibi wa kwenye kizingiti amebaki na jina la aina.

Waandishi wengine wamelionyesha jambo hili kwa njia zao. Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu upigaji picha, aliona jinsi kamera ilivyochukua nafasi ya bunduki katika safari za Afrika Mashariki. Binyavanga Wainaina, katika makala yake ya kejeli ya mwaka 2005 katika jarida la Granta, alimshauri mwandishi wa kigeni awape wanyama wa Afrika utu kamili, wenye majina na matamanio, ushauri ambao hakuutoa kwa watu. Mimi ninaongeza jambo dogo tu, ambalo linaonekana vizuri zaidi ukiwa Kabale kuliko ukiwa London. Mgeni si mpigaji pekee. Mimi ndiye niliyetoa lenzi.

Hapa Bwindi, tofauti kati ya kupiga na kupigia imefika mahali pa ajabu. Sokwe wana kanuni. Kundi la wageni haliruhusiwi kuzidi watu wanane kwa familia moja ya sokwe. Muda wa kukaa nao ni saa moja. Mwanga wa kamera hauruhusiwi. Lazima kuwe na umbali kati ya mtu na mnyama, na mwenye kukohoa haendi. Ni kanuni nzuri, na zimesaidia. Lakini Batwa, walioishi katika msitu huo na kuondolewa Bwindi na Mgahinga vilipofanywa mbuga za taifa mwaka 1991, sijaona ubao unaowaambia wageni wakae nao umbali gani, wawapige picha kwa muda gani, au waulize nini kabla ya kuinua kamera. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubaliana nao kwamba hawakutendewa haki katika kuondolewa huko. Hiyo ni kesi ya ardhi, kubwa kuliko picha. Lakini zote mbili zina swali moja: kitu chako kinapochukuliwa mbele ya macho yako, unamdai nani?

Najua majibu yatakayotolewa, na baadhi nimeyasikia dukani. Jibu la kwanza ni kwamba wale Batwa walilipwa. Ni kweli, walilipwa kwa ngoma. Bibi hakuwa akicheza. Malipo ya ngoma hayanunui kila mtu aliyekaa karibu na uwanja, kama vile mahari ya binti mmoja haiwaozeshi dada zake.

Jibu la pili ni la shangazi, kwamba kodi ya duka hulipwa na wageni. Hili ni zito. Watu wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone, na duka lile limesomesha watoto wanne, mimi nikiwa wa tano kwa karo ya muhula mmoja. Ninapoandika dhidi ya picha ya ukutani ninaandika dhidi ya kitu kilichonilipia daftari. Lakini methali yenyewe inasema mwenyeji apone, haisemi mwenyeji mmoja apone kwa sura ya mwenyeji mwingine. Mgeni angelipa vile vile kama bibi angeombwa kwanza.

Jibu la tatu ndilo gumu zaidi kwa mhakiki, nalo ni la mume wa shangazi. Alisema, "Ukimwomba, picha inakufa. Atavaa, atasimama kama mtu wa pasipoti." Anamaanisha kwamba uzuri wa picha ya safari hutoka katika kutojua kwa mpigwaji. Wengi wetu tunaamini hivyo bila kusema. Tunapoisifu picha tunasema ni ya asili, haina maigizo, mtu ameshikwa kama alivyo.

Kulijibu, nampeleka Bamako. Seydou Keïta alifungua studio yake huko mwaka 1948. Watu walikuja kwake kwa hiari, wamevaa vizuri kabisa, wakachagua jinsi ya kukaa, wakaomba saa, redio au skuta ya studio iwe pembeni yao. Hakuna aliyenaswa. Wote walijua kamera iko wapi na waliitazama kwa macho makavu. Kwa kipimo cha mume wa shangazi, hizo ni picha za pasipoti. Lakini leo zinahesabiwa kati ya picha bora za watu zilizopigwa popote katika karne iliyopita. Uzuri wake hautoki katika kutojua kwa mpigwaji, unatoka katika kujua kwake. Mtu ameleta kamerani kila anachojua kuhusu nafsi yake. Na zilipoonyeshwa New York mwaka 1991 bila jina la mpigaji, kwa maelezo kwamba hajulikani, ulimwengu wa sanaa ulionjeshwa kidogo jinsi ilivyo kuwa "Mwanamke Mtwa, Bwindi." Safari hii aliyekosa jina alikuwa mwenye kamera, na watu walifanya juhudi wakamtafuta mpaka wakampata.

Kwa hiyo si kweli kwamba tunachagua kati ya picha nzuri na picha yenye mwenyewe. Tumechagua tu kujifunza uzuri wa aina moja. Mume wa shangazi ana ufundi wa kumngoja ndege saa mbili. Sijui kwa nini ufundi huo usitoshe kumngoja bibi dakika tano afunge kitambaa.

Likizo iliyopita nilimsimulia shangazi haya yote, kwa unyenyekevu kuliko nilivyoandika hapa. Alinyamaza. Kisha akaichapisha ile picha upya, ukubwa wa kawaida, akaitia kwenye bahasha, akasema, "Twende tumpelekee." Tulikwenda wawili kwa pikipiki, kamera ikiwa mgongoni mwake. Bibi tulimkuta nyumba ya tatu kutoka pale alipokaa siku ile. Mjukuu alikuwa amekua, anakimbia.

Aliishika picha kwa mikono miwili, akaiweka mbali na macho, akaisogeza karibu. Ni picha nzuri, niseme wazi. Mwanga unaingia kutoka kushoto na kugusa mkono wake na shavu la mtoto, na sehemu nyingine zote zinazama katika giza la mlango. Ningekuwa jaji wa mashindano ningeipa nafasi ya kwanza. Bibi aliitazama kwa muda mrefu, akamrudishia shangazi, akasema neno moja la Rukiga ambalo kwa Kiswahili ni, "Hanifanani."

Neno hilo ni zito katika lugha zetu. Kiswahili kimechukua neno picha kutoka kwa Kiingereza. Lakini kwa Rukiga picha ni ekishushani, kutokana na okushusha, kufanana. Na kwa Luganda ni ekifaananyi, kutokana na kitenzi ambacho msomaji wa Kiswahili anakitambua bila msaada. Katika lugha hizo, kitu kisichofanana na mtu hakijafika kuwa picha yake. Bibi hakuwa akisema kwamba kamera imekosea pua yake. Alikuwa akisema kwamba yule mtu aliyeinama gizani, asiyejua anatazamwa, siye yeye anayejijua.

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amefunga kitambaa cha manjano, amevaa koti, na amemwosha mjukuu uso. Akasimama uani, mbali na mlango, palipo na jua. Akamwita na binti yake. Shangazi akampigia picha mbili, akamwonyesha. Ya kwanza akaikataa kwa sababu mtoto alifumba macho. Ya pili akaikubali.

Picha hiyo ya pili sasa iko dukani, katika albamu ya harusi, kwa kuwa shangazi alisema hajui pengine pa kuiweka. Jua lake ni kali. Kuna beseni la plastiki pembeni. Watu watatu wamesimama wima wakiitazama kamera kana kwamba inawadai jambo, nao wako tayari kulipa. Ile ya zamani imeshushwa ukutani, ingawa mume wa shangazi bado anaiweka chini ya meza na kuitazama mara moja moja, na simlaumu.

Ninawaomba wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu jambo moja dogo, nalo ni la sarufi. Tunapohakiki picha, iwe ya mume na mke wa Kansas au ya duka la Kabale, tuanze kwa kuuliza kitenzi chake kiko katika kauli gani. Kisha ndipo tuseme kuhusu mwanga. Jina la bibi ninalijua. Shangazi aliliandika nyuma ya picha, pamoja na ya binti na ya mjukuu, kijiji na tarehe. Sikuliandika hapa, kwa kuwa nilimwomba ruhusa ya picha, sikumwomba ya insha.